Mchinjaji Ashika Padi

Nimechinja tangu nina miaka kumi na sita.
Najua shingo ya mbuzi ifungukavyo,
na ng'ombe aliyevushwa kutoka Mokowe
hushuka gatini amekwisha kujua.

Basi jana, umeme uliporudi baada ya Isha,
Bwanaheri, mwana wa ndugu yangu, akanivuta kanzu
mpaka chumba cha gemu cha Famau, kule Langoni,
kilichokuwa zamani ghala la kopra.
Shilingi ishirini, dakika kumi na tano.
Feni moja, watoto tisa, viazi karai,
kiti cha plastiki chenye mguu wa kufungwa waya.
"Ndoo, ami. Keti."

Kwanza sikuona mtu. Niliona rangi:
nyeusi ya piko, nyeupe ya chokaa,
na nyekundu moja tu, iliyowekwa akiba
kama zafarani ya bibi arusi.
Halafu mwanamke, na upanga mrefu kumshinda,
nywele zikipepea ndani ya nyumba isiyo na dirisha.
Nikauliza upepo watoka wapi.
Wakacheka wote.

Nikabonyeza. Mtu akakatika
mshazari, bega hadi nyonga,
na kabla hajaanguka picha ikasimama
ili nimtazame vizuri.
Damu ikaruka, ikajikunja hewani
kama wau iliyoandikwa kwa kalamu nene.
Astaghfirullah, nikasema,
nikabonyeza tena.

Damu gani hii? Haina nzi.
Haigandi. Haitaki ndoo mbili za maji na majivu.
Haina ile harufu ya chuma
ikaayo chini ya kucha mpaka Ijumaa.
Nimekata watu kumi na wawili
na kanzu yangu i vilevile nilivyotoka nayo msikitini.

Mimi kisu nakinoa mbali, mbuzi asikione.
Namlaza. Namwelekeza kibla. Nataja Jina.
Hapa halazwi mtu.
Wafa wamesimama, wakipiga ukelele wa lugha nisiyoijua,
na juu ya vichwa vyao nambari zapanda,
mia mbili, mia nne, elfu,
kama mnada wa kamba.

Nilitaka kuwaambia watoto. Maneno yalikuwa ulimini.
Ila dole gumba langu, wallahi,
lilikuwa limeanza kuelewa.
Mraba, mraba, pembetatu:
mkono warudi, mwili wageuka,
watatu waporomoka kwa pigo moja
kama shanga uzi ukikatika.
Ilikuwa nzuri. Nisiseme uongo.
Miaka thelathini na mmoja nakata,
na nilichokikata kimekuwa safi, kimekuwa halali,
kizuri, hata siku moja.

Ndipo mlango wa chuma ukafunguka
likatoka jitu lenye kichwa cha ng'ombe.
Nikayatazama mato yake. Mchoraji kakosea:
kayaweka mbele, kama ya mtu.
Mato ya ng'ombe yako pembeni,
ndiyo maana hukuona ukija
hata ukimjia kwa nyuma.
Nilikuwa nawaza hayo, likanipiga.

"Ufiye, ami," Bwanaheri akasema, kiazi mdomoni.
"Bonyeza duara, urudi."
Nikabonyeza. Nikarudi.
Hakuna aliyestaajabu.

Alfajiri, mbuzi wawili wa harusi ya Wiyoni.
Wa kwanza alitulia. Damu ikashika mfereji
aliouchimba baba yangu,
haikuruka, haikuandika kitu,
ikafuata mteremko kama kila siku.
Nikabaki nimeinama, nikingoja, sijui nini,
labda picha isimame.
Shee akaniuliza kama naumwa.

Wa pili alinitazama kwa jicho la pembeni.
Nikakiingiza kisu nyuma ya kikoi,
nikamshika sikio, nikamsemesha kidogo,
jambo ambalo sijalifanya tangu ujana.

Sasa ni magharibi, nimefunga bucha.
Mfukoni mna sarafu ya ishirini, chenji ya maini,
yanata bado.
Jitu lile nalidai.