Stakabadhi

Mwezi wa tatu Tukuyu mvua haibishi hodi.
Ilikuwa juu ya mabati ya zamani, yale yaliyotoboka,
nasi chini tukiulizana pesa za mabati mapya zimekwenda wapi.

Nilisimama. Nani asimame kama si mimi,
mwenye Kitabu cha jalada la zipu
na suti niliyoshonewa harusi ya mwanangu?
Nikataja sura, nikataja mistari,
nikasema ulimi ni moto,
kwa ulimi uliokuwa ukiwaka.
Kisha nikamgeukia mama Tupokigwe, mtunza hazina,
mjane, muuza ndizi pale stendi:
“Laki tatu na nusu, mama. Laki tatu na nusu!”
Nilirudia ili wa nyuma nao wasikie.

Yeye alikuwa akikunja pindo la kitenge juu ya magoti,
akilikunjua, akilikunja.
Hakusema neno.
Katibu akaandika: amekosa la kujibu.
Nikaketi kama mtu aliyevuna.

Jioni alikuja kwangu, kapita katikati ya mashamba ya chai,
kandambili mkononi, matope hadi magotini.
Alisubiri mke wangu aingie jikoni.
Ndipo akafungua fundo kwenye pindo lile lile
akatoa karatasi, imelainika
kama jani la mgomba lililobabuliwa motoni:
Nimepokea laki tatu na nusu, za fundi.
Chini yake jina langu, na ule mkia
ninaouvuta kwenye herufi ya mwisho, kwa maringo.

Koti la kazi. Mfuko wa ndani. Tangu Januari.

“Ambakisye,” alisema, “pale walikuwepo watoto wako.”
Akanywa chai yake yote. Akashukuru. Akaondoka.

Nimekisoma Kitabu kile mara nne, jalada hadi jalada.
Sikujua mtu anaweza kuwa na jibu kiunoni,
limefungwa fundo moja tu,
na asilifungue.

Leo Jumapili. Karatasi aliniachia.
Hatasema; namfahamu.
Na kunyamaza ni hekima,
mimi mwenyewe huwafundisha hivyo watoto wa kipaimara.
Lakini kimya chake kilinisitiri.
Changu kitamzika.

Kengele. Mvua tena.
Suti nimeiacha msumarini, nimevaa koti la kazi.
Nitasimama pale pale,
niseme mara mbili,
ili wa nyuma nao wasikie.