Kiambishi Tamati

Miaka thelathini na mmoja, Chavakali, chaki kidoleni,
nilifunza: nukta ni kikomo.
Ukiifikia, nyamaza, vuta pumzi,
herufi kubwa ianze upya.

Leo niko saiba ya Andambi, ubavuni mwa kinu cha mahindi,
sakafu inatetemeka,
na mwanangu Kageha anataka duka lake la sweta
likae mtandaoni.
Jina analo: uzikageha, neno moja, herufi ndogo zote
(kalamu nyekundu ikaniwasha mfukoni).
"Sasa, Mwalimu, baada ya nukta tuweke nini?"

Baada ya nukta!

Andambi akateremsha orodha.
Komu: imeshikwa. Na nani? Tukafungua:
ukurasa mweupe, hauna sweta wala kifungo cha sweta,
bei tu, kwa dola,
kama mtu aliyezungushia ua shamba asilolima
akasimama langoni kunadi.
Ya kisiwa fulani: mwaka wa kwanza bure,
wa pili utalia.
Ya Afrika nzima. Kageha akacheka:
"Baba, mimi navisha shule sita,
na ya sita haijalipa."

"Basi kuna hii ya nyumbani," akasema Andambi.
"Ko, nukta, ke."

Nikamwambia arudie.
Ko. Ke.
Vimilikishi hivyo! Nilivichora ubaoni kila Januari,
watoto wakiitikia changu, chako, chake
hadi dirisha la ofisi likafunguliwa.
Nikimwambia yeye: lako.
Nikiwaambia watu: lake.

Nikaipekua orodha mpaka chini, miwani puani.
Ngu haimo. Haiuzwi.

Mashine ya kufuma niliinunua mimi, kiinua mgongo kikaishia hapo.
Kibao cha mlangoni ni mwandiko wangu.
Na mfukoni, nyuma ya kalamu, nilikuja na jina la ukoo
kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne.
Sikuitoa.

Kageha akalipa kwa simu. Ikalia.
Akaandika polepole, kidole kimoja,
uzikageha, nukta, ko, nukta, ke,
akanigeukia: "Kisarufi ni sawa?"

Nikaitafuta nukta ya mwisho.
Haikuwepo.
Ni sawa, nikasema,
iache hivyo