Mchagua Jembe

Chama chetu cha mazishi, hapa Coventry,
kimenipa paundi mia na sabini na neno moja: skana.
Madaftari ya marehemu Faki Vuai yaingie kwenye kompyuta
kabla panya wa stoo hawajamaliza kuyasoma.

Mwenyekiti akanisindikiza kwa methali:
mchagua jembe si mkulima.
Nikamjibu, jembe halijawahi kuulizwa
kama linaelewana na shamba.

Maana kompyuta yenyewe ni ya Faki vilevile,
nzito kama kinu, inakohoa ikiwashwa,
na programu ya hesabu iliyomo
haijasikia habari za dunia tangu Faki ana meno yote.

Basi nilikwenda dukani kama mtu anayekwenda kuposa:
sikuanza na sura.
Foleshill Road, Jumanne, mvua inadondoka bila nia.
Nikamuuliza kijana, Jaswinder kwa kibandiko cha kifuani,
huyu wenu ni wa ukoo gani?
Akihamia kwetu atasikilizana
na mama mkwe mwenye masikio mazito?

Akacheka, akanionyesha ya kwanza:
nyembamba, nyeupe, inameza kurasa arobaini kwa dakika.
Nikageuza boksi. Kwa herufi za mchwa:
haitambui mifumo ya zamani.
Ya pili iliutambua mfumo, ila haikuja na dereva.
Dereva unamtafuta mwenyewe mtandaoni, akasema,
nami nikamwona mtu wa kofia amelala ndani ya waya,
gari amelizima, hataki kuamshwa.
Ya tatu ina dereva, ina kila kitu,
na kila mwezi inataka ilipwe,
mpangaji aliyegeuka mwenye nyumba.

Zote tatu zina mdomo mwembamba.
Nikatoa daftari moja kwenye mfuko wa plastiki:
gumu, limeshonwa kwa uzi, jalada limekula mchuzi.
Jaswinder akalipokea kwa mikono miwili.
Hili, akasema, haliingii mdomo wowote
mpaka ulikate mgongo.

Sikulikata.

Rafu ya chini, kwenye vitu vilivyorudishwa,
palikuwa na kitu bapa chenye kifuniko kama sanduku.
Sekunde kumi na nane kwa ukurasa. Paundi sitini na tano.
Lugha ya zamani anaijua, akasema. Rangi pia anasoma,
ingawa kwa mambo ya hesabu nyeusi na nyeupe inatosha,
faili linakuwa dogo.

Kidogo nimsikilize.

Usiku, meza ya jikoni. Waya ukaingia.
Kompyuta ikakohoa, ikanyamaza, ikawaza,
halafu ikaandika: kifaa kimepatikana.
Nikapiga kigelegele peke yangu, jirani akagonga ukuta.

Januari. Februari. Mwaka wa theluji ile, kiwanda kilipofungwa.
Taa ikapita chini ya kifuniko
kama mtu anayetafuta ufunguo chini ya kitanda.
Kwenye kioo, majina. Paundi mbili, wino mweusi.
Paundi mbili, mweusi.
Makame, mume wangu: paundi mbili, kijani.
Wiki ya pili, kijani. Ya tatu.

Wiki zile nilikuwa nahesabu vipande vya mkate.
Najua hatukulipa.

Nikarudi nyuma, nikaenda mbele.
Bi Mtumwa alipofiwa, kijani.
Khatibu na mguu wake, miezi saba, kijani.
Na chini ya kila ukurasa, jumla
imelingana na sanduku, peni kwa peni.

Koti moja alivaa, miaka kumi na minne.
Tulimtania nalo hata siku za Idi.

Programu ikauliza:
faili ni kubwa, nilihifadhi kwa nyeusi na nyeupe?

Nikabonyeza hapana.
Nikafunua kifuniko, nikageuza ukurasa,
nikalilaza daftari taratibu, uso chini.