Mshale Mdogo Ubavuni mwa Feni

Hermosillo, Julai, saa tisa alasiri.
Kipimajoto cha duka la dawa kinasema arobaini na sita
na hakuna anayebisha.
Mbwa wamelala chini ya magari kama matairi ya akiba.
Bi Eréndira Valdovinos ananifungulia mlango kwa kiwiko,
mikono yake imejaa kofia.

Kofia mia mbili, za timu ya watoto ya besiboli,
na kila kofia inadai kozi mmoja kwenye paji lake.
Cherehani hudarizi kwa amri ya kompyuta,
na kompyuta, ikifika shingoni mwa ndege,
huzimika.
Haitoi onyo. Hununa tu, ikanyamaza.
Mezani nahesabu kozi tisa wasio na vichwa.

"Aliiunda Leobardo," ananiwahi kabla sijauliza,
"ana miaka kumi na mitano, kwa pesa ya kuosha magari.
Sasa yuko Tucson. Usiniambie ni mbovu."
Sisemi. Natoa bisibisi.

Ubavu wa kasha unafunguka na harufu ya pasi iliyosahauliwa.
Ndani, vumbi limejifumia blanketi:
uzi mwekundu, uzi wa dhahabu, unga wa ngano,
na manyoya meupe ya paka
ambaye sijamwona humu nyumbani.
"Chayo," anasema. "Alikufa mwaka juzi."
Nimeshika pampu ya hewa. Nangoja.
Anachukua donge la manyoya kwa vidole viwili,
analitazama kwenye mwanga,
analifutia kwenye aproni.
"Puliza."

Napuliza, uani, hadi macho yanawasha.
Waya zilizokaa njiani
kama wageni wanaoagana mlangoni wasiondoke
nazibana pembeni kwa uzi wake mwenyewe, fundo tatu.
Juu ya kichakataji uji wa kijivu umekuwa ukoko;
naukwangua, natia mwingine, kiasi cha punje ya dengu.
Nawasha.
Nyuzi elfu mezani, nyuzi tisini na moja kwenye skrini.
Jasho langu linadondoka juu ya kozi wa saba.

Basi namwomba mshumaa wake wa Mtakatifu Yuda.
Nauzima, samahani, nausogeza mbele ya kasha
nione moshi unasema nini.
Moshi unaingia. Unafika katikati.
Unasimama, unageuka,
kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.
Nahamia nyuma: na huko nako unaingia.
Feni mbili, uso kwa uso, kila moja inakaribisha,
wala hakuna inayosindikiza.
Joto limekaa kati yao miaka sita
likingoja mtu alioneshe njia ya kutokea.

Naangaza tochi. Ubavuni mwa feni ya nyuma,
kwenye plastiki nyeusi, pana mshale,
mdogo kuliko chungu,
nao unaelekea ndani.

Skrubu nne. Nageuza.
Najua ananitazama, kwa maana kofia zimeacha kukunjwa.
"Alikosea?"
"Mshale ni mdogo sana, mama."
Ni kweli. Nimeusema ukweli nikauacha hapo.

Sasa moshi unaingia mbele, unapanda,
unapita juu ya kila kinachoungua bila kusimama kusalimia,
unatoka nyuma moja kwa moja hadi ukutani.
Themanini. Sabini na mbili.
Sitini na tatu, ikatulia hapo.
Cherehani inapita shingo.

Jioni simu inalia, sauti ya kijana inajaa chumba:
ilikuwa nini, mama?
"Vumbi," anajibu, akinikazia macho.
"Vumbi tu. Na manyoya ya Chayo."
Upande wa pili kimya kidogo, kisha kicheko.

Kozi wa kumi anapata jicho, kisha mdomo.
Mshumaa umewashwa tena mahali pake, karibu na kasha,
na mwali, katika nyumba isiyo na upepo,
umeinama kidogo kulielekea.