Shimo la Saba

Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, usiku ungali usiku,
maana kaskazini ya Ufini, mwezi wa Januari,
jua ni mgeni anayechungulia mlangoni akaondoka bila kuketi.
Kila hatua ishirini, shimo.
Mimi na keekee, Aapo na rula.
Kila shimo lilikohoa maji meusi
nami nikaandika kwa penseli, wino huganda:
hamsini na moja. Arobaini na tisa. Hamsini na mbili.

Shimo la saba, mkabala na mdomo wa kijito:
thelathini na tatu,
na nusu yake nyeupe, theluji iliyolowa ikaganda upya,
barafu ya kughushi.
Aapo akapima tena. Rula haikubadili kauli.
Tukatafuta njia ya kando: kulia mwamba, kushoto mkondo.

Hemani, Meja Eskelä alikuwa na fomu.
Fomu ina miraba: huku uwezekano, huku madhara,
kijani, manjano, nyekundu,
taa za barabarani za mji usio na barabara.
Malori kumi na moja, tani kumi kila moja.
Kukatiza ziwa, kilomita mbili na nusu.
Kulizunguka, sitini na nne.
Zoezi tu, walisema.
Maji hayajui zoezi.

"Wastani?"
"Arobaini na nane, Meja."
"Na jedwali linataka?"
"Arobaini na tano."
Kalamu yake ikaelekea kijani.

Nikasema: wastani haubebi lori.
Lori hubebwa na barafu iliyo chini yake dakika ile,
na kuna dakika moja, kwa kila lori,
iliyo juu ya shimo la saba.

Msidhani Meja alikuwa mjinga.
Wajinga ni rahisi, hasa katika mashairi.
Aliniuliza nisilojiuliza:
"Na barabara, Sajini, nayo umeitoboa?"
Madereva walikuwa macho saa kumi na tisa.
Kulungu hupenda kusimama kwenye lami, hulamba chumvi.
Hatari, alisema, haifutwi, huhamishwa;
ukiifukuza ziwani
itakutangulia kwenye kona.

Jiko likatafuna kuni.
Nje mtu alipiga buti kwa buti apate miguu yake.

Basi: makombora yapite ziwani kwa sleji nyepesi,
hatua hamsini kati ya moja na nyingine,
kila mtu mkanda wazi, kisu kifuani.
Malori yazunguke, madereva walale kwanza saa mbili.
Tuchelewe. Akapaka manjano,
akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi,
kama anayejua litasomwa na mama wa nani.

Saa tisa usiku, kwenye kona,
Jalmari Vuontis, miaka kumi na tisa,
alimkwepa kulungu.
Msonobari haukumkwepa yeye.
Bega, mbavu mbili,
na sikio la kushoto ambalo hadi leo linapiga filimbi.

Ziwa lilishika majira yote.
Februari lori la magogo la wanakijiji
lilipita palepale, limejaa, likipiga honi.
Hakuna aliyenisema.
Afadhali wangesema.
Hospitali ina jina la Jalmari;
hakuna daftari lenye majina ya wasiozama.

Aprili nilirudi kutazama
barafu itafunguka wapi kwanza.
Nilichelewa siku moja.
Maji matupu, bata wawili, hakuna alama.

Miaka minne baadaye ikaja kadi, mwandiko umeinama,
bila salamu, swali moja tu:
Lilikuwa ngapi?

Nilikaa nayo jioni nzima.
Kisha nikachonga penseli
nikamwandikia:
thelathini na tatu.