Hatua Arobaini

Jina lake Sitaki. Nilimpa mimi,
wiki ile alipotafuna kamba mbili na kiatu cha askari mwenzangu,
akakataa kuketi, akakataa kulala, akakataa hata kukimbia mvua.
Majirani wa Namakwekwe hucheka nikiita getini:
"Sitaki, njoo! Sitaki, kula!"
kama mzee anayegombana na tumbo lake.

Miaka kumi na tisa nimelinda stoo za kahawa hapa Mbale.
Mbwa wangu walijua mnyororo kabla ya kujua jina.
Fimbo yangu ya mpera ilikuwa na alama za meno,
nami nikiziita heshima.

Kisha akaja Khainza, binti wa dada yangu,
anayesomea mifugo, buti za mpira, hana haraka.
Aliitazama fimbo, akaiegemeza ukutani kama mwavuli wa mgeni.
Akaomba kifuniko cha jemu, kile cha bati kinacholia ukikibonyeza,
na mukene ya shilingi elfu moja.

"Mjomba, akifanya jema, bonyeza. Kisha mpe."
Na akifanya baya?
"Ngoja jema."

Nikangoja. Mlima Wanale ulivaa wingu, ukalivua.
Sitaki alipiga miayo, akajikuna, akanizunguka,
hatimaye makalio yakachoka yenyewe, yakagusa ardhi.
Tk.
Samaki mmoja, mdogo kama msumari.
Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji iliyozidi.

Lakini ugonjwa wake hasa ni bodaboda.
Pikipiki ikikohoa tu pale stendi ya kwa Gidudu
hugeuka shetani: povu, mnyororo, sauti ya kuchana bati.
Dawa ya zamani naijua, mkono wangu unaijua.
Khainza hakutaka dawa, alitaka hatua.
Hatua arobaini kutoka stendi, karibu na kinyozi,
ambapo mlio unafika ukiwa umechoka.
Pikipiki, tk, mukene. Pikipiki, tk, mukene.
Kukiwa kimya, hakuna samaki.
Siku ya nne alisikia injini akanigeukia mimi,
masikio wima, kama anayeuliza: changu kiko wapi?
Thelathini na tano. Thelathini.
Siku ya kumi kijana Wambede akapiga honi kwa mzaha,
tukarudi arobaini, mimi nikiuma meno.
"Si aibu," akasema Khainza.
"Ni pale tu ambapo bado anaweza kufikiri."

Maneno hayo nililala nayo.

Mkono mtupu haulambwi, walisema waliotangulia,
na mfuko wa koti langu la kazi unanuka ziwa zima.
Watoto wananiita Mzee Mukene.
Basi. Juzi usiku, saa nane, mfuko mtupu,
Sitaki akaja bila kuitwa, akaulamba mkono.
Huenda ni chumvi. Sidai kujua.

Nina mwana, Wopata. Yuko Soroti, anaendesha
pikipiki, ndiyo, chekeni.
Fimbo ile ya mpera anaijua kwa unene na kwa urefu.
Miaka sita nikimpigia simu naanza na madai:
mbona hutumi, mbona huji,
naye hukata.

Jumapili nikapiga. Nikauliza habari za mvua ya huko.
Akasema, "Ipo."
Nikasema, "Vizuri. Asante kwa kupokea,"
nikakata mimi kwanza, kabla sijaharibu.
Dakika moja na sekunde tatu.

Nikabaki getini, simu ya moto sikioni,
kidole gumba kikibonyeza bati mfukoni bila kutumwa,
na Sitaki, aliyekuwa amelala,
akainuka kuja kudai kilicho chake.