Swali la Kumi na Nne

Ghorofa ya tatu, Ruwi, juu ya duka la miwani.
Kiyoyozi kinakohoa, chai ya karak imeshika utando.
Nimevaa visikizio tangu saa mbili asubuhi.
Kazi yangu ni kuuliza.
Leo nauliza majirani.

"Dakika kumi tu za muda wako.
Kwa siku, mtandaoni unakaa saa ngapi?"
Hakuna anayejua. Wote wanasema mbili,
na nyuma yao nasikia video
inacheka peke yake.

Kisha la kumi na nne:
"Matangazo ya mtandaoni, unayaonaje?
Moja, yananiudhi sana. Tano, yananifaa sana."

Bwana mmoja wa Al Ain:
"Nilitafuta matairi mara moja, wallahi, moja tu.
Nikanunua. Yako chini ya gari, yanalika.
Na bado yananifuata
kama mdai aliyesahau kwamba keshalipwa.
Andika sifuri."
Sina sifuri.

Kijana wa Salmiya, Kuwait, anatafuna:
"Dada, mimi ndiye tangazo.
Hii baga nimelipwa niisifu.
Tamu? Ngoja kwanza niipige picha."
Akacheka, nami nikacheka, nikaandika tano,
ingawa aliposhusha sauti aliniambia
mamake amemfungia kwenye simu,
hataki kumwona akiuza uso.

Muharraq. Mama mmoja, maneno yake yanakuja moja moja.
Mumewe aliugua miezi saba.
Yeye ndiye aliyemtafutia kiti cha magurudumu,
godoro la hewa, dawa ya vidonda vya mgongo.
"Sasa nimo edani, mwanangu.
Watu wote wamejua kunyamaza.
Simu tu ndiyo haijui eda.
Kila alfajiri inanionyesha kiti,
kwa punguzo."
Nikamuuliza, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa:
moja mpaka tano?
"Weka tatu," akasema. "Nisije nikakisema vibaya.
Kile cha kwanza kilimfaa."

Doha. Kiarabu cha kuchechemea:
"Mama hayupo, baba hayupo,"
kisha, pembeni, kwa mtoto:
"Wee, shuka, utaanguka!"

Nikaivua sauti yangu ya kazi.
Nikatoa ile ya bibi, aliyotoka nayo Wete,
ambayo siku hizi kwetu imebaki ya umbeya na ya dua.
Kimya. Halafu: "Jamani! Wewe wa wapi?"

Anaitwa Mejumaa, wa Matuga.
Hayumo kwenye hesabu; fomu inataka wenye nyumba.
Nikamuuliza hivyo hivyo.

"Matangazo? Mimi nimeletwa na tangazo.
Lilikuwa na jiko jeupe, linameremeta,
na msichana wa aproni, meno yote nje.
Nililitazama mpaka bando likaisha.
Jiko lipo, si uongo. Nalisugua mimi.
Yule msichana ndiye sijamwona."

Nikatafuta kisanduku.
Palikuwa na *Sijui*, na *Amekataa kujibu*.
Talal, msimamizi, akagonga kioo kwa pete:
dakika kumi na nane, na bado sijajaza kitu.
Nikaifuta simu ile, kama haikupigwa.

Usiku, Al Hail, mama kalala, runinga inamtazama.
Nafungua simu nijifunze vitumbua;
vya bibi vilikuwa duara, vyangu vinatoka ramani.
Kabla ya vitumbua, tangazo:
wasaidizi wa kazi za ndani,
siku tatu tu wapo mlangoni,
ukibadili nia, unarejesha.
Sikutafuta. Sikuandika neno.
Nilizungumza tu.

Chini, pembeni, kwa herufi za kuonea haya:
*ruka baada ya sekunde tano.*

Tano.
Jiko jeupe.
Nne.
Na msichana, meno yote nje.
Namkazia macho, nimtambue.